Tumekitwisha kinywaji mzigo usio wake

Kwa muda sasa video fupi za TikTok na Instagram zimekuwa zikifundisha namna ya kuchanganya kinywaji kinachodaiwa kushusha kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo wa mawazo, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa mara ya kwanza kupitia video hizo hizo. Mchanganyo huo ulipata umaarufu Marekani, na karibu kila anayeurudia hutaja vitu vilevile: nusu kikombe cha juisi ya machungwa, nusu kikombe cha maji ya dafu na robo kijiko cha chai cha chumvi ya bahari. Wengine huongeza magnesiamu ya unga, au ule unga mweupe mchachu wa waokaji wenye potasiamu nyingi. Kwetu Pwani mchanganyo huu haukuhitaji mkalimani, maana dafu liko kwenye baiskeli ya muuzaji barabarani na machungwa ya Muheza yako gengeni. Mjadala uliofuata umegawanya watu kati ya wanaoapa kwamba kinatuliza na wanaosema ni utapeli mtupu, na naona pande zote mbili zimelikosa swali lenyewe. Hoja yangu ni kwamba kinywaji chenye kiambato cha kutosha kugusa homoni za mwili ni dawa, na kinapaswa kuulizwa kila swali linaloulizwa dawa. Kisicho na kiambato hicho ni kinywaji, nacho kinaweza kumpumzisha mtu kama kitu chochote anachokunywa akiwa ameketi kwa utulivu. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni ukungu uliotandazwa kati ya hayo mawili, na ukungu huo unatuficha kisababishi cha msongo wa mawazo wenyewe.

Tuanze na homoni inayosingiziwa. Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na amri ya kuitengeneza hutoka ubongoni. Kwa mtu mwenye afya hupanda kuelekea alfajiri, hufika kileleni kati ya nusu saa na dakika 45 baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu mchana kutwa mpaka inapokuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Hiyo ndiyo homoni inayoshikilia shinikizo la damu mtu anapoinuka kitandani, inayopandisha sukari ya damu mwili unapohitaji nguvu, na inayozuia uvimbe usizidi mipaka. Tezi hizo zikiharibika, mtu hupata maradhi aliyoyaeleza daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855, na asiporudishiwa homoni hiyo kwa dawa hufa. Thamani yake ilitambuliwa kiasi kwamba mwaka 1950 Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo. Kwa hiyo mtu anayeahidi kuishusha kotisoli yako asubuhi anaahidi kuiondoa saa ileile mwili unapoihitaji zaidi. Zaidi ya hayo, aliyekunywa glasi yake saa moja asubuhi akajiona ametulia saa nne anapaswa kujua kwamba kotisoli yake ingeshuka vilevile hata kama angekunywa maji ya mtungi, kwa kuwa huo ndio mwendo wake wa kila siku.

Kinywaji hiki kina ndugu mkubwa wa kinadharia, nayo ni dhana ya tezi zilizochoka. Mwaka 1998 James Wilson, mtaalamu wa tiba mbadala wa Marekani, alianza kueneza wazo kwamba msongo wa muda mrefu huzichosha tezi za juu ya figo mpaka zinashindwa kutoa homoni ya kutosha, na kwamba uchovu, hamu ya chumvi na usingizi usioshibisha ni dalili zake. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil, Cadegiani na Kater, walikusanya tafiti 58 zilizohusu jambo hilo, wakahitimisha kwamba hakuna uthibitisho kuwa hali hiyo ipo. Angalieni mkanganyiko uliopo hapa: nadharia ya zamani inasema kotisoli imepungua na inabidi izibwe kwa chumvi na vitamini C, ilhali video za leo zinasema kotisoli imezidi na inabidi ishushwe, na dawa ya kasoro zote mbili ni glasi ileile. Tiba inayofaa kwa upungufu na kwa uzidifu bila kubadilisha hata kipimo haikutokana na uchunguzi wa mwili.

Mkanganyiko huo una madhara. Mwaka 2024 lilienea gumzo la kile kilichoitwa uso wa kotisoli, vijana wakijipiga picha za mashavu yaliyovimba na kujitibu kwa vinywaji. Uso kuwa wa duara kwa sababu ya kotisoli ni dalili halisi ya ugonjwa uitwao Cushing, ambao ni nadra, na mara nyingi zaidi hali hiyo husababishwa na dawa za steroidi, yaani zile zinazofanya kazi kama kotisoli. Sasa fikirini ni wangapi katika miji yetu wanaojipaka krimu za kujichubua, zile za mkorogo, ambazo baadhi yake zina clobetasol, steroidi kali sana inayopenya ngozini na kuingia katika damu. Msichana ambaye uso wake umevimba kwa krimu hiyo anaweza kunywa dafu na machungwa mwaka mzima huku akiendelea kujipaka kila usiku. Siku atakayoiacha ghafla bila daktari, tezi zake zilizolazwa usingizi na krimu zinaweza kushindwa kuamka kwa wakati. Habari hii ndiyo ningependa ienee kwa kasi ya zile video.

Wanaoona haya yote ni mapya watashangaa kujua kwamba soda zenyewe zilizaliwa zikiwa dawa za mishipa ya fahamu. Mwaka 1869 daktari wa Marekani George Beard aliipa jina la nurasthenia hali ya uchovu na wasiwasi aliyoihusisha na maisha ya kisasa, ya reli, simu za maandishi na pilikapilika za mijini. Mwaka 1886 mfamasia John Pemberton wa Atlanta alianza kuuza Coca-Cola, iliyotangazwa miaka ile kuwa ni kinywaji cha kuburudisha ubongo na kutibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1929 ikaingia sokoni 7UP ikiwa na chumvi ya lithiamu, madini ambayo hadi leo hutumika hospitalini kuwatibu wagonjwa wenye mabadiliko makali ya hisia, na ilibaki na lithiamu hiyo hadi mwaka 1948. Kumbukumbu hii naitaja kwa sababu inaonyesha njia mbili ambazo vinywaji vya namna hii hupita. Ama kiambato chenye nguvu huondolewa na kinywaji hubaki kuwa burudani, ama kiambato hicho huhamia duka la dawa na kupimwa kwa miligramu. Sijui cha tatu kilichodumu katikati.

Hata hivyo, haki inataka tuutazame ushahidi wa upande wa pili kwa makini, maana upo. Mmea wa ashwagandha, ambao India wameutumia katika tiba yao ya jadi kwa karne nyingi na ambao humea hata katika nyanda kavu za Afrika, umefanyiwa majaribio kadhaa. Katika mojawapo, lililochapishwa mwaka 2012, watu 64 wenye msongo waligawanywa makundi mawili. Waliopewa miligramu 300 za dondoo ya mzizi mara mbili kwa siku kwa siku 60 walionekana kotisoli yao imeshuka kwa takriban asilimia 28, na wao wenyewe walisema wametulia zaidi. Nchini Brazil, mwaka 2019, wanaume 57 walipewa dozi tofauti za CBD, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, kisha wakatakiwa kuhutubia. Waliopewa miligramu 300 walipungukiwa na wasiwasi, ilhali waliopewa 150 na waliopewa 600 hawakupata nafuu hiyo. Majaribio haya ni madogo, na mtafiti mwangalifu hatajenga nyumba juu yake, lakini si uongo.

Tatizo linakuja pale matokeo ya maabara yanapoazimwa na kopo. Katika nchi ambako CBD inaruhusiwa, vinywaji vingi vinavyoiuza huwa na miligramu 10 hadi 25 kwa kopo, na jaribio nililolitaja linaonyesha kwamba hata nusu ya dozi iliyofanya kazi haikufanya kazi. Makopo mengine huandika jina la ashwagandha kwa herufi kubwa mbele, na nyuma yasiseme ni miligramu ngapi wala ni sehemu gani ya mmea. Kinywaji hunywewa mara moja, siku ya Jumamosi, na mtu asiyejua kwamba waliopata nafuu walimeza dondoo asubuhi na jioni kwa miezi miwili. Anayetaka matokeo yale anapaswa kuchukua pia dozi ile, muda ule na uangalizi ule, na akifanya hivyo ameshatoka kwenye ulimwengu wa vinywaji.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa kitu tulichonacho jikoni. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Andrew Steptoe, waliwachukua wanaume 75 wazoefu wa chai, wakawapa kwa wiki sita ama chai ya rangi, ama kinywaji kilichofanana nayo kwa ladha, rangi na kafeini. Kisha waliwatia katika mitihani ya kusumbua akili. Wakati wa mitihani wote walisumbuka kwa namna moja, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikapanda kwa wote. Lakini dakika 50 baadaye kotisoli ya wanywaji chai ilikuwa imeshuka kwa asilimia 47, na ya wenzao kwa asilimia 27. Hebu soma tena matokeo hayo taratibu. Chai haikumkinga mtu na msongo, ila ilimsaidia kurudi katika hali yake baada ya msongo kupita. Ni msaada wa kweli na wa kiasi, unaopatikana kwa majani ya Kericho au Mufindi, na hakuna anayeutangaza kwa kuwa hakuna faida kubwa katika kutangaza kitu ambacho kila nyumba inacho tayari. Nitaongeza jambo la kahawa chungu. Kafeini hupandisha kotisoli, hilo linajulikana. Na bado mtu wa Pwani hukaa barazani baada ya magharibi, akanywa vikombe viwili vitatu vidogo na kipande cha kashata, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja. Kama kilichomtuliza kingekuwa ndani ya kikombe, angeondoka akiwa amehamaki.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayorudiwa sana: kwamba vitu hivi ni vya asili, kwa hiyo havina madhara. Denmark ilipiga marufuku ashwagandha katika virutubisho mwaka 2023 kwa hofu ya athari zake kwa tezi ya thairoidi, homoni za uzazi na ujauzito, na madaktari katika nchi mbalimbali wameripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Kava, kinywaji cha mizizi ambacho watu wa Vanuatu, Fiji na Tonga wamekinywa kwa vizazi katika mikutano yao, kina nguvu halisi ya kupunguza wasiwasi, na ni nguvu hiyo iliyofanya Ujerumani iondoe bidhaa zake sokoni mwaka 2002 baada ya taarifa za madhara ya ini, hatua ambayo mahakama ilikuja kuitengua mwaka 2014 baada ya mabishano marefu. Hata glasi ya dafu na chumvi si ya kila mtu. Robo kijiko cha chumvi hubeba zaidi ya robo ya sodiamu ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asiivuke kwa siku nzima, yaani miligramu 2,000. Dafu lina potasiamu nyingi, na mgonjwa wa figo, au anayemeza baadhi ya dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, anaweza kuharibu mapigo ya moyo wake kwa mazoea ambayo jirani yake anayafanya bila kudhurika. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na siwezi kuipita. Kwa watu wengi, kinywaji cha kuondoa mawazo kilikuwa pombe tangu zamani, na vijana wengi wa mijini siku hizi hujisukuma kwa vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini na sukari. Anayebadilisha bia nne za jioni kwa glasi ya rozela au dafu amejifanyia jambo jema kubwa, hata kama sababu anayoitoa si sahihi. Pombe humlaza mtu haraka kisha ikamkatizia usingizi usiku, na wasiwasi wa asubuhi yake huwa mkubwa kuliko ule uliompeleka baa. Nakubali pia kwamba mwili wenye kiu huchoka na kununa, na kwamba dakika kumi za kukamua machungwa bila kushika simu ni mapumziko. Kama wauzaji wangesema hivyo tu, nisingeandika makala haya.

Wapo wanaosonga mbele zaidi na kusema: hata kama ni imani tu ndiyo inayotuliza, mtu akitulia si ametulia? Swali hili ni la maana, na tunalo la kulijibia kutoka nyumbani. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wengi walirudi wakisema wamepona. Sitawadharau waliokwenda, walikuwa na maumivu na hawakuwa na mlango mwingine ulio wazi. Hatari ilikuwa kwa wale walioacha dawa zao za ukimwi na kisukari kwa sababu walijihisi vizuri. Isitoshe, imani haihitaji kudanganywa ili isaidie. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard waliwapa wagonjwa wa tumbo vidonge wakiwaambia wazi kwamba havina dawa yoyote. Baada ya wiki tatu asilimia 59 ya waliovimeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, ikilinganishwa na asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kitu, ingawa makundi yote yalipata muda uleule wa kuzungumza na wahudumu. Kama kidonge kisicho na kitu kinaweza kusaidia huku ukweli umesemwa, basi uongo ulioandikwa kwenye kopo ni wa kumfaa muuzaji peke yake.

Hapa ndipo ninapoona Kiswahili kimetutangulia. Tukimwona mtu amenyong'onyea tunasema ana mawazo, na swali linalofuata, bila hata kufikiri, ni mawazo ya nini. Lugha inatulazimisha kuuliza chanzo: ni ada, ni kodi ya nyumba, ni mgonjwa, ni ndoa. Neno kotisoli halina swali hilo. Linauhamisha msongo kutoka kwenye maisha ya mtu na kuuweka kwenye tezi zake, na msongo ukishakuwa kwenye tezi, anayepaswa kurekebishwa ni yeye, kwa fedha zake mwenyewe. Mwajiri anayewapa wafanyakazi mikataba ya miezi mitatu mitatu hahusiki tena, wala mkopeshaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni, nyingi zikiwa za aina ile ambayo wananchi wameibatiza kausha damu, na kila aliyewahi kupigiwa simu na wadai hao, au kuona ndugu zake wakitumiwa ujumbe wa kumwaibisha, anajua kilichompandisha mapigo ya moyo.

Washona wa Zimbabwe wana neno linalokaribia letu, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na kutokana na neno hilo daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya benchi la urafiki mjini Harare. Ni benchi la mbao lililowekwa nje ya zahanati, na anayekaa na mgonjwa ni bibi wa mtaa ule, aliyefundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 katika kundi la benchi na asilimia 50 katika kundi lililopata huduma ya kawaida. Hakuna kopo lililowahi kukaribia matokeo hayo. Huduma hiyo imefika hadi Zanzibar, ambako baraza za kuketi zipo mbele ya nyumba tangu enzi.

Kwa upande wa usimamizi, jambo la kudai ni dogo na la wazi. Tangu mwaka 2019 vyakula viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tiba asili zina baraza lake, na kinywaji kinachojiita cha kutuliza akili kinaweza kujibanza katika kila mlango kulingana na anayekuja kukagua. Marekani wenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 1994, hawamtaki muuza virutubisho athibitishe kwanza kwamba vinafanya kazi. Anakatazwa tu kusema vinatibu ugonjwa, na ndiyo maana makopo yao yamejaa maneno kama husaidia utulivu, maneno ambayo sisi tunayapokea yakiwa na uzito wa cheti cha daktari. Kopo lolote linalotaja mmea kwa sababu ya nguvu yake litaje na miligramu zake, na lieleze kwa Kiswahili ni nani hapaswi kulinywa: mjamzito, mgonjwa wa ini au figo, anayetumia dawa za usingizi, presha au kisukari. Muuzaji asiyeweza kuandika hayo auze kinywaji chake kama kinywaji, kwa ladha yake.

Binti wa kaka yangu ndiye aliyenionjesha glasi hii kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni kwao huku akikoroga chumvi kwa uma. "Shangazi, jaribu, inashusha msongo," aliniambia, na simu iliyokuwa kwenye sinki ikaita mara tatu bila yeye kuipokea. Ilikuwa namba ya wadai. Bado anakunywa dafu lake na machungwa kila asubuhi, na mimi namsifu kwa hilo. Chumvi ameiacha, kwa kuwa mama yake mwenye presha alikuwa akimalizia glasi hiyo hiyo, na deni tumekaa naye mkekani tukaligawa kwa miezi, kila mwezi na kiasi chake, mpaka Desemba.